Ugali na Wenzake



Hapana mtu wa Ufipa asiyeujua ugali, kwa hiyo labda wengine watashangaa kuona naomba nafasi katika gazeti letu ili niandike habari zake. Lakini jambo tulilolizoea sana ndilo tusilolitazama vizuri. Neno langu ni moja tu, nalo ni hili: nchi yetu ina wanga tele, bali watoto wake wengi hawakui inavyopasa, na sababu moja kubwa ni kwamba tumeutwika ugali kazi zisizo zake, huku tukiwaacha nyuma wenzake waliokuwa wakisaidiana nao. Sisemi ugali ni mbaya. Nasema umeachwa peke yake.

Kwanza tutazame hesabu. Uwanda wetu, ambao hapa Sumbawanga wafikia kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, una mvua na ardhi ya kuzaa nafaka. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na baadaye ukahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi iliyolisha miji ya Tanzania. Hata leo magari hupakia magunia Laela, Matai na Namanyere, yakaenda mbali kulisha watu wasiotujua.

Basi mtu angetazamia kwamba watoto wa mkoa huu wawe wenye afya kuliko wote. Sivyo. Uchunguzi wa afya wa taifa zima wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Rukwa walio chini ya miaka mitano, 56 walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi mno kwa umri wao. Hapakuwa na mkoa mwingine wenye hesabu mbaya kama hiyo. Kwa Tanzania nzima walikuwa 34 katika 100. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu: Rukwa karibu 50, na taifa 30. Lakini itazameni mikoa mitatu iliyotangulia kwa udumavu mwaka huo: Iringa, Njombe na Rukwa. Yote mitatu ni mikoa ya mahindi. Penye ghala lililojaa ndipo palipo na watoto waliodumaa.

Tena udumavu si ufupi tu. Mtoto aliyedumaa katika siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba hata anapotimiza miaka miwili, huugua kwa urahisi, na mara nyingi akili yake hupata taabu ya kujifunza. Akisha kuvuka umri huo ni vigumu sana kumrudishia alichopoteza. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini wenzetu wengine darasani hawashiki somo, tusiwatupie lawama wao na walimu wao tu. Huenda jibu lilipikwa katika sufuria miaka 14 iliyopita.

Wazee walisema: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Nadhani sisi tumeleweshwa na shibe. Tumbo likijaa twadhani mwili umekula.

Sasa yafaa tueleze wanga ni nini na kazi yake ni ipi. Wanga ni ile sehemu ya nafaka, mihogo, viazi na ndizi ambayo mmea umejiwekea iwe akiba. Tunapoula, mate huanza kuuvunja mdomoni, na utumbo humaliza kazi hiyo, hata ukawa sukari ndogo iitwayo glukosi. Glukosi huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini huifungulia glukosi mlango wa kuingia katika misuli. Sehemu nyingine huwekwa akiba katika ini na misuli kwa wakati wa haja. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4 hivi. Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, hata kama mwenyewe amelala. Basi mtu anayelima, anayesoma au anayecheza mpira hawezi kuudharau wanga. Ndio umwezeshao kushika jembe na kalamu.

Lakini nguvu ni jambo moja, na ujenzi ni jambo jingine. Mfano wake ni nyumba. Wanga ni kuni za jikoni. Protini ni nguzo na mbao za nyumba. Kuni zikikosekana kabisa, mwenye nyumba hung'oa hata nguzo akaziwasha apate kupika; ndivyo mwili wenye njaa unavyochoma nyama yake wenyewe. Kwa hiyo kuni zahitajiwa. Lakini hata ukirundika kuni mpaka darini, hazitakuwa nguzo. Mtoto anayelishwa ugali na uji mtupu ana kuni nyingi, na nyumba yake haijengwi.

Huenda mtu akasema: je, mahindi hayana protini? Yanayo, kama gramu 9 katika kila gramu 100. Lakini protini hujengwa kwa vipande vingi, na mwili hauwezi kuvitengeneza vyote. Vingine hapana budi vitoke katika chakula. Protini ya mahindi ina upungufu wa vipande viwili, viitwavyo laisini na triptofani. Maharage yana laisini nyingi. Kadhalika maharage yana upungufu wa kipande kingine kilichomo katika mahindi. Hivi viwili vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba tundu la mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mahindi yenyewe ni mgeni katika Afrika. Yalitoka Amerika, na watu wa kwanza kuyalima, kama wale wa Mexico, waliyapika kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, tena waliyala pamoja na maharage na maboga. Chokaa ile hufungua vitamini moja iitwayo niasini, ambayo katika mahindi hufungwa mahali ambapo tumbo haliwezi kuifikia. Mahindi yalipovuka bahari yalikwenda bila desturi zake za jikoni. Basi maskini wa Italia, na baadaye wa kusini ya Marekani, walioishi kwa mahindi karibu peke yake, walishikwa na ugonjwa wa pelagra: ngozi hubambuka, tumbo huharisha, akili huchafuka. Watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukizana. Daktari Joseph Goldberger, aliyepewa kazi hiyo na serikali ya Marekani mwaka 1914, ndiye aliyeonyesha kwamba kosa lilikuwa katika chakula. Watu walipopewa maziwa, nyama, mayai na kunde, ugonjwa ulitoka. Basi chakula kigeni si kibaya, lakini ukikipokea, wapokee na jamaa zake.

Sasa turudi Ufipa. Kabla mahindi hayajatawala, nafaka kuu ya wazee wetu ilikuwa ulezi. Nao walikuwa na kilimo chao cha matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hufukiwa chini ya udongo uliofunuliwa, likawa tuta. Juu yake hupandwa maharage. Na majani yakisha kuoza, msimu unaofuata tuta husambazwa na nafaka hupandwa. Wageni wenye elimu ya kilimo walikuja kuyatazama matuta haya wakayasifu, kwa kuwa yalirudisha rutuba bila mbolea ya kununua. Lakini mimi nayasifu kwa sababu nyingine pia. Katika tuta lile moja, maharage na ulezi vilifuatana. Shamba lilifuata utaratibu ule ule unaopasa kufuatwa sahanini.

Na ulezi si nafaka ya kudharauliwa. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za chokaa ya mifupa, yaani kalisiamu, na mahindi hayafikishi hata 20. Ni kweli kwamba sehemu ya kalisiamu hiyo hushikwa na makapi isipate kuingia mwilini, lakini hata hivyo ulezi huyashinda mahindi. Tena ganda lake jembamba husagwa pamoja na punje, kwa hiyo hapana cha kutupwa. Leo ulezi wetu mwingi huishia katika mitungi ya pombe. Simhukumu mtu kwa pombe yake. Nasema tu kwamba ni ajabu baba akinywa ulezi, na mtoto akapewa maji ya sembe.

Hapa nafika kwenye sembe, nami najua nitagusa wengi. Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda, kiini, na wanga mweupe wa katikati. Kiini ndicho chenye mafuta karibu yote, pamoja na protini iliyo bora kuliko ile ya sehemu nyeupe. Ganda lina nyuzinyuzi. Na vitamini za kundi B hukaa zaidi katika sehemu hizo mbili. Tukikoboa, vyote hivyo huondoka vikaitwa pumba. Wanga mtupu hurudi nyumbani katika mfuko, nazo pumba huenda kwa nguruwe na kuku. Kwa ukweli, katika nyumba nyingi nguruwe hupata chakula bora kuliko mtoto, na mwenye nyumba amelipa fedha mashineni ili iwe hivyo.

Wapendao sembe wana hoja zao, nazo yapasa tuzisikilize. Wasema sembe ni laini, ni nyeupe mbele ya mgeni, tena haiharibiki upesi. Hoja ya mwisho ni ya kweli: mafuta ya kiini hufanya unga wa dona kuwa mchungu ukikaa sana. Lakini dawa yake ni nyepesi, nayo ni kusaga kidogo kidogo, wiki kwa wiki, badala ya gunia zima mara moja. Ama juu ya weupe, mimi naona mgeni anayeondoka kwa sababu ugali si mweupe hakuja kutuona sisi.

Jambo jingine ni uji wa watoto wadogo. Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayatoshi, ijapokuwa yafaa aendelee kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Ndipo huanza uji, nao wanga wa uji una tabia ya kunywa maji na kuvimba. Mama akiweka unga wa kutosha, uji huwa mzito kama ugali, mtoto asiweze kuumeza. Akiufanya mwepesi, sehemu kubwa ni maji. Na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja halichukui zaidi ya kikombe kimoja hivi kwa mara moja. Kwa hiyo mtoto hushiba maji, hulala, na mama huamini amekula.

Dawa yake iko mikononi mwa mama zetu tangu zamani. Kila mpika pombe wa Ufipa ajua kutengeneza kimea: ulezi hulowekwa usiku mmoja, hufunikwa siku mbili tatu hata uchipue, hukaushwa juani, husagwa. Katika kuchipua, punje hutoa vimeng'enya vya kuvunja wanga. Ukipika uji mzito, ukauacha upoe kidogo, ukatia kijiko cha unga wa kimea na kukoroga, baada ya dakika chache uji hulegea ukawa wa kunyweka, wala hukuongeza maji. Kisha uchemshe tena upesi kabla ya kumpa mtoto. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, walilichunguza jambo hili katika miaka ya 1980, na mpango wa lishe wa Iringa wa wakati ule uliwafundisha akina mama. Uji huo ukitiwa karanga zilizopondwa au dagaa waliosagwa, mtoto hupata kuni na nguzo katika kikombe kimoja.

Nataka pia kuwajibu wale ambao, kutoka mijini, wametuletea maneno ya namna nyingine. Wao wasema wanga ni sumu, eti ndio uletao kisukari na unene, na kwamba mwenye busara aache ugali kabisa. Kisukari cha watu wazima kina sababu nyingi: urithi wa ukoo, unene, kukaa kutwa bila kazi ya mwili, na vyakula vilivyokobolewa au kutiwa sukari nyingi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, halikusema tuache wanga. Lilisema wanga wetu utoke hasa katika nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na kunde. Na kwamba kila mtu aliyefikia miaka 10 ale walau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku na walau gramu 25 za nyuzinyuzi. Ukitazama vizuri, hicho ni chakula cha ugali wa dona na ulezi, maharage, na majani ya maboga. Kinachostahili kuogopwa ni chupa ya soda, ambayo yaweza kuwa na zaidi ya gramu 30 za sukari isiyo na mwenzake hata mmoja. Aliyekwisha kuwa na kisukari afuate maneno ya daktari wake juu ya kipimo. Lakini mtoto wa Ufipa anayekua hana haja ya kuogopa ugali.

Sitaki mtu adhani kwamba nasema chakula peke yake ndicho kisa chote. Mtoto anayeharisha kwa maji machafu hupoteza alichokula. Mama anayelima tangu alfajiri hata jioni akiwa na mimba, tena akabeba kuni na maji, huenda asijifungue mtoto mwenye uzito mzuri, wala hapati nafasi ya kupika mara nne kwa siku kama mtoto mdogo anavyohitaji. Baba akishika ndoo ya maji hajapunguziwa heshima. Lakini mambo mengi tuliyokosa hayatoki mbali. Maharage twayalima wenyewe. Samaki na dagaa wa Ziwa Tanganyika hupandishwa kutoka Kasanga na Kirando. Samaki wa Ziwa Rukwa hupanda Lyamba lya Mfipa. Maparachichi na mapera huanguka chini ya miti. Mara nyingi vitu hivi hupita mlangoni kwetu vikienda sokoni, na fedha yake hurudi kununua biskuti.

Basi natoa mashauri manne, kwa heshima, mbele ya walimu na wazazi wetu.

Kwanza, mahindi ambayo wazazi huchangia kwa chakula cha wanafunzi yasagwe dona, na katika mchango huo uwemo ulezi kwa uji wa asubuhi, hata kama ni kidogo. Pili, maharage yapimwe kwa kichwa kama mahindi yanavyopimwa, wala yasiwe maji ya kulowekea tonge. Tatu, kila shule yenye ardhi na maji iwe na bustani ya mchicha na majani ya maboga, na somo la kilimo lifundishwe humo. Nne, nyumbani, kitoweo kinapokuwa kidogo, mtoto mdogo na mama mwenye mimba wapate kwanza. Najua desturi katika nyumba nyingi ni kumwekea baba kipande kikubwa. Lakini baba amekwisha kukua; kipande hicho hakitamwongezea hata kidole kimoja cha urefu.

Wenzangu wanafunzi, mtasema mambo haya ni ya wazazi. Siyo. Baada ya miaka kumi wengi wetu tutakuwa baba na mama wa watoto hawa ninaowaandika, na hesabu ya mkoa itakayotolewa wakati ule itakuwa yetu. Na hata leo, ni nani atumwaye mashineni na debe la mahindi kichwani? Ni sisi. Basi zungumza na mama kwanza kwa adabu, umweleze ulichokisoma. Akikubali, ufikapo mashineni na mwenye mashine akauliza kama akoboe, mwambie asikoboe, asage hivyo hivyo.